Shimo la Kusomea Udongo

Nianze na woga wangu, kwa sababu ndio uliolichimba shimo lile.

Mimi ni mtu wa kufanya jambo kwa siri kabla sijakubali mbele za watu kwamba nitalifanya. Baiskeli nilijifunza peke yangu nyuma ya nyumba yetu ya mjini pale Bakoba, nikaanguka mpaka magoti yakavimba, na siku nilipotoka nayo barabarani wenzangu walidhani nimezaliwa nikijua. Kidato cha tano nilikianza bweni, nikashindwa. Masomo hayakunishinda. Nilichoshindwa ni kulala huku nikijua kwamba kesho naweza kuulizwa swali mbele ya darasa. Nilirudi nyumbani nimekonda, mama akanipokea bila maswali mengi, na tangu hapo nikawa najisomea mwenyewe: vitabu vya kuazima, video za kwenye simu nikipata bando, na mitihani nikaifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifaulu. Watu walinipongeza, na kila pongezi niliisikia kama onyo, kwa sababu hawakuwa wameona jinsi nilivyofuta na kuandika upya, nikafuta tena.

Chuo kikanichagua kusoma sayansi ya mazingira. Kabla ya kuripoti tulitakiwa kujisajili kozi za muhula wa kwanza kwa simu au kompyuta. Nyingi zilikuwa za lazima, kemia, takwimu na stadi za mawasiliano, na hizo hazikuniuliza nataka nini. Moja tu ilikuwa ya kuchagua kati ya tatu: udongo, maji ya maziwa na mito, au kompyuta. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa akituongoza kwenye kundi la simu alitueleza jambo ambalo kwenye ukurasa wa kujisajili halikuandikwa. Anayetaka baadaye kusomea nje, mashambani na maporini, achukue udongo au maji sasa hivi. Anayechukua kompyuta anaelekea njia ya ofisini, na kurudi nyuma ni taabu. Mwisho wa kuchagua ni Ijumaa.

Mtu akauliza kwenye kundi, "Udongo ni mgumu?"

Kaka yule akajibu, "Siyo mgumu. Ila mapema tu mnapelekwa shamba. Kila mtu anapewa chepe, anachimba shimo lake, anaingia, anausoma ukuta kwa sauti. Mwalimu anasimama juu na wenzako wote."

Wengine walicheka. Mimi niliweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Maji ya maziwa sikuyafikiria sana. Nimekulia pembeni ya ziwa na sijui kuogelea, na mtumbwi hata ukiwa umefungwa ufukweni siusogelei. Kompyuta ilikuwa salama. Ina chumba, ina kiti, na ukikosea unafuta. Mama, ambaye ni fundi cherehani na anapenda vitu vinavyofanyika ndani, alikuwa ameshaamua.

"Chukua kompyuta, mwanangu. Haina matope."

"Nitafikiri, mama."

"Fikiri. Lakini wewe ukifikiri sana unaumwa."

Alikuwa anasema kweli. Kweli nyingine, ambayo sikumwambia, ni kwamba nilikuwa nautaka udongo tangu utotoni. Likizo zote nilizipitisha Muleba kwa bibi yangu mzaa baba, na kazi tuliyofanya pamoja ilikuwa kwenda rweya kukata nyasi. Rweya ni ule uwanda wa nyasi nje ya vijiji vyetu, mahali ambapo hakuna migomba. Tulikata nyasi, tukazifunga mizigo, tukazibeba kichwani mpaka kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na huko tukazitandaza chini. Kulikuwa na mahali kwenye njia ambapo ardhi ilibadilika chini ya nyayo zangu. Upande huu ilikuwa ngumu, ya kijivu, yenye kokoto. Hatua chache mbele ikawa nyeusi, laini, ya baridi. Nilikuwa nikisimama hapo na mzigo kichwani, mguu mmoja huku na mmoja huku, mpaka Bibi aniite. Sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini iko hivyo. Niliogopa kuambiwa kwamba kila mtu anajua.

Basi kati ya kitu nilichokitaka na kitu nilichoweza kukifanya bila kuaibika kulikuwa na shimo moja. Nikajiambia maneno ambayo nimejiambia maisha yangu yote: nitalichimba kwanza peke yangu, pasipo mtu, nikiliweza nitachagua udongo. Nikishindwa, kompyuta.

Nafasi ilipatikana wiki ileile. Presha ya Bibi ilikuwa imemsumbua, mama akamchukua akae nasi mjini ahudhurie kliniki, na mimi nikatumwa Muleba kulinda nyumba. Bibi aliondoka ameshikwa mikono huku na huku, amefunikwa kitenge kichwani, na majirani walisimama njiani wakimtazama akiingizwa kwenye gari. Hilo nalitaja kwa sababu wao waliliona vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa nawaza chepe.

Nilikuwa na kitabu cha zamani cha elimu ya udongo, nilichoazima kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za kahawa huko Maruku. Nakisoma mpaka leo, na bado nasema kinaeleza vizuri. Kilisema uchague mahali pasipo njia, pasipo rundo la samadi, mbali kidogo na nyumba. Shimo liwe na pembe nne, refu kiasi cha mtu kulala, jembamba, kina kifike kifuani. Upande mmoja uelekee jua ili ukuta uonekane vizuri. Udongo wa juu uwekwe upande huu, wa chini upande ule, usichanganyike.

Nilikizunguka kile kibanja asubuhi nzima nikiwa na kitabu mkononi. Karibu na nyumba palikatwa na njia. Karibu na banda palikuwa na samadi. Mahali pekee palipokubaliana na kitabu kwa kila kitu palikuwa huko ndani, kwenye kivuli, hatua chache kutoka mahali walipolala babu yangu na shangazi yangu.

Makaburi yale niliyaona. Siwezi kusema sikuyaona. Kwetu watu huzikwa kwenye kibanja, na mtoto hukua akiyapita kama anavyoipita miti ya kahawa. Lakini kila nilipokwenda mazishini nilikuwa nyuma kabisa, kwa watoto, halafu kwa wasichana wanaoosha vyombo, na nililoliona mimi ni kaburi lililokwisha kufunikwa, lina maua na msalaba. Kaburi likiwa wazi, halina mtu, sikuwahi kuliona. Kichwani mwangu shimo langu lilifanana na picha ya kitabuni, na si kitu kingine chochote.

Nilichimba mchana kutwa. Nilifunga kamba kwenye vijiti ili pande zinyooke, na palipopinda nilisahihisha. Udongo mweusi niliumwaga kulia, mwekundu kushoto. Mikono ilitoa malengelenge, yakapasuka, nikayafunga kwa kitambaa. Nilipofika kifuani nilisimama ndani yake nikazilainisha kuta kwa panga mpaka zikawa kama zimepigwa lipu. Jua lilikuwa limeshaondoka, ukuta haukuonekana vizuri tena, nikaamua kuusoma kesho. Na kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani, nilikata majani ya migomba nikalifunika shimo lisiingie maji.

Kila mtu wa Muleba anayesoma hapa ameshashika kichwa. Shimo refu, kuta zimenyooka, udongo pande mbili, limefunikwa majani ya mgomba, liko ubavuni pa kaburi la mume. Na mwenye nyumba ameondoka juzi ameshikwa mikono.

Asubuhi nilikuwa nachemsha chai niliposikia hatua nyingi na sauti chache. Jirani wa juu, mama mmoja ambaye Bibi humtuma na kumgombeza kama binti yake, alikuja mbele akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wanawake wawili, mmoja na mkungu wa ndizi. Walitua mizigo polepole bila kuitupa, na hilo ndilo lililonishtua, kwa sababu kuni hutupwa.

"Pole, mwanangu," jirani alisema. "Tumeona huko."

"Mmeona nini?"

"Usijikaze, waitu, mpenzi wetu. Mwili unaletwa leo au kesho?"

Sikuelewa, halafu nikaelewa vibaya. Nilidhani wamepigiwa simu. Nilidhani Bibi amefariki mjini usiku, mama ameshindwa kuniambia mimi mwenye roho nyepesi, akawaambia majirani waje kwanza wanikalie. Kila kitu kilikubaliana: kuni, ndizi, sauti ya chini. Sikuuliza wamejuaje. Nilikaa chini kwenye majivu ya jikoni nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Wao walikuwa wamelitazama shimo langu na kuamini. Sasa walikuwa na mjukuu analia, na hapakubaki la kuuliza. Mimi niliwaamini kwa sababu ya kuni zao. Jirani alinikumbatia akalia na yeye, na katikati ya kulia akatoa simu akampigia baba yangu mdogo anayefanya kazi bandarini Kemondo, mtoto wa mwisho wa Bibi.

"Tumefika nyumbani," alimwambia. "Mjukuu tunaye. Poleni sana."

Baba mdogo akauliza, "Poleni ya nini?"

Simu ya mama ilikuwa haipatikani. Nilipiga, ikakataa. Baba mdogo alipiga, ikakataa. Siwezi kueleza vizuri muda ule. Wanawake walianza kutoa viti nje. Mmoja aliuliza sufuria kubwa ziko wapi, na mimi nilinyanyuka nikamwonyesha. Nakumbuka nilifikiri kuhusu Ijumaa, kwamba sasa kozi hazina maana, na papo hapo nikajichukia kwa kufikiri kuhusu Ijumaa.

Ndipo mama akapiga yeye. Walikuwa kliniki, simu alikuwa ameizima kwa sababu pale ndani wanakataza.

"Mbona mmenipigia hivyo wote? Kuna nini?"

"Mama," nilisema, "niambieni ukweli, amekufa lini."

"Nani?"

"Bibi."

"Bibi yako yuko hapa anakunywa uji. Analalamika hauna sukari."

Nilimsikia kwa nyuma, sauti yake ya kukwaruza, akiuliza ni nani huyo, anataka nini. Mama, maskini, alikuwa ameweka simu kwenye spika.

Jirani alimpigia tena baba mdogo akamwambia mama yake yu hai, ila kwenye kibanja kuna kaburi wazi, na hapo ndipo nilipoelewa walichokiona. Baba mdogo aliwasili kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanja, akayaondoa majani ya migomba, akatazama. Tulimfuata wote. Kulikuwa na mzee mmoja jirani ambaye huchimba makaburi ya kijiji kizima, na yeye alikuwa ameshafika, ameegemea fimbo.

"Nani amechimba?" baba mdogo aliuliza.

"Si wewe umeleta vijana?" jirani alisema.

"Mimi nilikuwa kazini. Nani amechimba?"

"Ni mimi," nilisema.

Wote waligeuka. Yule mzee alikuwa wa kwanza kusema.

"Wewe msichana? Peke yako?" Aliinama akautazama ukuta. "Kona imenyooka hii. Mimi za kwangu hazinyooki hivi. Ungesema, tungekuita wiki ile tulipomzika mwenyekiti."

Mtu mmoja alicheka kidogo akaacha. Baba mdogo hakucheka.

"Umemchimbia mama yangu kaburi."

"Si kaburi, baba mdogo. Ni shimo la kusomea udongo."

"Udongo unasomwa? Una herufi?"

"Ni somo la chuo. Nilitaka kujaribu kabla sijalichagua."

"Chuo kimekwambia uchimbe hapa? Karibu na baba?"

Nilikuwa nimesimama kati ya shimo langu na kaburi la babu, na kwa mara ya kwanza niliviona vyote viwili kwa pamoja, urefu uleule, vimeelekea upande uleule. Hata nafasi iliyobaki katikati ilikuwa ya heshima, kama iliyoachwa na mtu anayejua. Nilianza kuogopa kwamba ndani yangu nilikuwa najua nachimba nini.

Alitaka lifukiwe palepale. Jirani akamshika mkono. Shimo kama lile, alisema, halifukiwi tupu. Likishaitwa kaburi na watu wakalilia, linangoja. Lazima lipewe kitu, shina la mgomba, lizikwe humo, ndipo lifungwe. Baba mdogo ni mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Alisema hawezi kusimama akazika mgomba na Jumapili akagawa vitabu vya nyimbo. Jirani alisema basi aliache wazi na aone. Walibishana kwa heshima, kwa Kihaya, mpaka mvua ikawatawanya, na shimo likabaki kama lilivyo. Kuni waliziacha. Ndizi walikwenda nazo.

Jioni mama alipiga simu. Bibi amepimwa tena, presha imepanda kuliko alivyokuja. Na amesema harudi Muleba. Hawezi kulala kwenye nyumba ambayo kitanda chake kimeshatandikwa nje.

"Amesema hivyo kwa utani?" niliuliza.

"Hapana," mama alisema.

Kuanzia hapo niliogopa kitu kimoja tu. Watu wanaponiambia leo kwamba nina wasiwasi wa kupindukia huwa nawakubalia, ila ule wa jioni ile haukuwa wa kujitungia. Nilikuwa na bibi mzee mwenye presha, aliyesikia kwa masikio yake watu wakiuliza amekufa lini. Akifa wiki ile, watakuwa sahihi wote waliosema nimemchimbia. Na mimi nitakuwa miongoni mwao. Niliifungua simu nikatafuta ukurasa wa kozi, nikaweka alama kwenye kompyuta. Sikuthibitisha. Niliona kama kuthibitisha ni kukubali kwamba kuna kosa la kulipia.

Alhamisi, bila mtu kutegemea, gari lilisimama njiani, Bibi akashuka. Mama alikuja nyuma yake amebeba dawa na uso wa mtu aliyeshindwa mabishano. Bibi alikuwa amemwambia kwamba hakulala, kwamba usiku kucha shimo lilikuwa linaongezeka kina, na ni afadhali aone lilikoishia.

Hakuingia ndani. Alinishika bega, vidole vyake vikaniingia, tukatembea taratibu kwenye kibanja. Baba mdogo alikuja, jirani alikuja, wale wanawake wawili walikuja. Bibi alisimama ukingoni.

Alilipima shimo kwa macho, toka mwisho hadi mwisho.

"Mbona refu hivi?" alisema. "Mimi ni mfupi."

"Si lako, Bibi. Urefu umo kwenye kitabu."

"Kitabu kilinipima lini?"

Jirani aliziba mdomo kwa kanga. Bibi mwenyewe hakutabasamu.

"Sasa ulitaka ulifanye nini?"

"Kuingia. Kuusoma ukuta."

"Umeusoma?"

"Bado."

"Ingia usome. Nataka nisikie kilichokuwa kinatafutwa."

Nilimtazama mama. Mama akatazama chini. Niliingia kwa ngazi za udongo nilizoziacha upande mmoja nilipochimba, maji ya mvua yakanifika kwenye vifundo. Nilipoinua macho niliwaona wote wameinama juu yangu kwa duara, nyuso dhidi ya mwanga, na nikafahamu kwamba hivi ndivyo wanavyoonekana watu kutoka upande ule mwingine. Nusura nitoke. Kile nilichokikimbia tangu kidato cha tano, kuulizwa nikiwa katikati ya watu, kilikuwa kimenikuta Muleba, shimoni, miguu ndani ya matope.

Nilianza kwa Kiswahili cha kitabuni. Bibi akasema, "Sema tusikie." Nikaanza upya kwa Kihaya, na huko maneno mengi sikuwa nayo, ikabidi nionyeshe kwa kidole. Nilisema: kuanzia juu mpaka hapa kiunoni udongo ni mweusi, mizizi ya migomba yote imo humu, angalieni inavyojaa. Nilisema chini yake ni kahawia. Halafu nikasema hapana, ni mwekundu, halafu nikasema ni kahawia yenye wekundu. Hakuna aliyenisaidia. Nikasema hapa chini kabisa ni kijivu, una kokoto, mgumu, na mizizi ikifika hapa inageuka, inarudi juu. Nikauchomoa mmoja nikawaonyesha ulivyopinda kama kiwiko.

"Huo wa chini nimeuona mahali," Bibi alisema.

"Ni ule wa rweya, Bibi. Ni uleule. Kibanja kiko juu ya rweya."

"Na mweusi umetoka wapi?"

"Ni nyasi. Ni zile tulizokuwa tunabeba. Na samadi. Za kwako, na za waliokuwapo kabla yako."

Alijaribu kuinama, mama akamzuia, basi nilichota kipande cha udongo mweusi kutoka ukutani nikampa. Alikifinya, kikavunjika.

"Zote hizi?" aliuliza. "Mpaka kiunoni kwako?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana shingo inaniuma," alisema.

Baba mdogo alikohoa. "Amemaliza? Atoke humo, jamani. Atoke."

Nilitoka. Nilikuwa nimekosea rangi mara mbili mbele ya watu, na hilo la rangi lilinisumbua mpaka siku ya pili, nikiri tu, kuliko nilivyopaswa kusumbuliwa na chochote kingine.

Kuhusu mgomba, Bibi aliamua bila mkutano. Alimwambia jirani akate shina, akamwambia mwanawe, "Wewe tazama pembeni. Utasali baadaye." Baba mdogo alikwenda kwenye mti wa kahawa wa karibu akaanza kuutoa maotea, vile vichipukizi vya pembeni, kwa bidii, huku ametupa mgongo. Shina liliwekwa chini. Wanawake walishika majembe wakaanza kuvuta udongo uliokuwa karibu nao, ule mweusi.

"Mwekundu kwanza," nilisema.

Walinitazama.

"Wa chini urudi chini. Mweusi uje mwisho. La sivyo hapa hapataota kitu."

"Hata kufukia kuna masomo," mmoja alisema, lakini akahamia upande wa pili.

Bibi hakulala nyumbani siku ile. Alilala kwa jirani. Ijumaa asubuhi alirudi, akasimama mlangoni kwa muda, akaingia. Mama alimpima presha kwa kipimo cha mkononi tulichoazimwa. Ilikuwa imeshuka kidogo. Kidogo tu. Mama alisema ni dawa.

Mtandao kwa Bibi hupatikana vizuri ukikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, basi nilikaa hapo. Kompyuta ilikuwa bado ina alama yake, inangoja nithibitishe. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikiliweza shimo nitachagua udongo, na sikujua kama nimeliweza. Nilikuwa nimelichimba vizuri na mahali pabaya. Nilikuwa nimelisoma, kwa makosa. Nilikuwa karibu kumuua mtu, au sikuwa karibu kabisa, na jambo hilo lisingejulikana siku hiyo wala mwezi huo. Niliiondoa alama kwenye kompyuta nikaiweka kwenye udongo. Nikairudisha. Bibi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni anamenya ndizi na ananitazama.

"Unabonyeza unafuta," alisema.

"Nachagua somo. Mwisho leo."

"Lile la shimo?"

"Sijui. Nikichagua lile nitachimba mengine mengi."

"Wapi?"

"Kwenye mashamba ya watu."

Alimenya ndizi moja mpaka mwisho, akaitia kwenye maji.

"Uwe unauliza kwanza kama nyumba ina mgonjwa."

"Nitauliza."

"Na akiwepo?"

"Nitakwenda kwa jirani."

"Jirani naye atakuwa na mgonjwa wake," alisema.

Nilingoja aendelee, lakini alikuwa ameshachukua ndizi nyingine. Niligusa mahali pasipo penyewe, ukurasa ukarudi mwanzo, nikaingiza upya namba zangu zote. Niliweka alama kwenye udongo, nikathibitisha, na jibu la kumpa Bibi nikawa bado sina.